Kitambaa cha Kitani

Ulikuwa unakuja umefungwa kitambaa cha kitani,
kila Jumapili, mkononi mwa Kreskensi,
kijana aliyeponea chupuchupu kwenye tauni
akabaki na uso kama ukuta wa chokaa ulionyeshewa.
Alivuka daraja la Tiberi kabla madobi hawajamwaga mikojo mtaroni,
akakwangua mlango kwa kucha, mara tatu,
akanong'ona: "Kutoka mezani kwa askofu."
Bibi Afia alimjibu: "Kutoka mezani kwetu."

Hakikuwa kipande kikubwa. Kiganja cha mtoto kingekifumba.
Bibi alikidondosha kikombeni,
mkate wao katika divai yetu,
kisha akachota tini kavu mtungini
akazifunga katika kitambaa kile kile:
chombo cha jirani hakirudi kitupu.

Tulikuwa watu wa Frigia, watia rangi sufu,
wekundu hadi viwikoni.
Pasaka yetu iliufuata mwezi:
ukitimia siku kumi na nne tulifungua,
iwe Jumanne, iwe siku ya soko.
Wenzetu wa ng'ambo walingoja Jumapili.
Mwaka mmoja Kreskensi alitukuta na mwanakondoo mezani,
yeye bado amefunga. Akameza mate,
na bibi akacheka hadi akashika ubavu:
"Geuza uso, mwanangu, mvuke huu usije ukakuvunjia mfungo."
Akacheka naye.
Nakumbuka kicheko hicho kuliko mahubiri yote.

Kisha akaja askofu mwingine, na Jumapili moja
hakuna aliyekwangua mlango.

Kikombe kilikaa wazi. Inzi akaingia.
Hakuna aliyemtoa.

Baba yangu Menofilo alivuka daraja kuuliza,
akarudi na jibu la shemasi, neno kwa neno,
kama mtu aliyebeba maji kwa viganja:
"Petro na Paulo wamelala huku. Sikukuu ni moja."
Bibi alikuwa anakamua sufu. Hakuinua kichwa.
"Na yule aliyeegemea kifua cha Bwana, amelala wapi?
Si Efeso? Au siku hizi mifupa inapimwa kwa mizani?"

Barua zilikwenda, barua zilikuja.
Asia walijibu kwa hasira ya wazee waliozaliwa ndani ya imani.
Galia waliandika: mwacheni mtu na mfungo wake.
Sisi hatukuandikiwa na mtu.
Tulikuwa familia saba, ngazi moja juu ya duka la ngozi,
tukimega mkate wetu wenyewe,
na ulikuwa mkate, sisemi haukuwa,
ila kila alipoumega bibi alitazama mlango.

Ulirudi msimu wa zabibu, mwaka wa pili.
Kucha zile zile, ndevu mpya.
Kreskensi hakumtazama mtu machoni.
"Askofu," alisema, "amewaruhusu."

Ruhusa. Neno dogo.
Nimezeeka sasa, nasikia vijana wakisema "Roma imeamua"
kama wanavyosema mvua imenyesha,
nami naliona tone la kwanza
lilivyoanguka pale kizingitini,
juu ya uso ule wa chokaa.

Bibi alikipokea kipande. Akakidondosha kikombeni,
akanywa wa kwanza, akatupitishia.
Aliingiza mkono mtungini kutafuta tini
na mkono ukakaa humo, kitambo kirefu,
kama umesahau ulichofuata.
Kisha akautoa.
Alikikunja kitambaa mara nne, pembe kwa pembe,
akamrudishia Kreskensi.

Kijana akakipima kiganjani.
Akashuka ngazi.